Kisu kisiwe cha mwisho daima

Barazani kwetu Lamu ukisema fulani amekatwa utumbo, watu hushusha sauti kama wako matangani. Sindano haina neno, nani hajachomwa? Basi mgonjwa wa Crohn, maradhi ya kudumu yanayovimbisha utumbo, naye huomba dawa zote zimalizwe kwanza, kisu kingoje hadi utumbo uzibe au utoboke. Kwa baadhi ya wagonjwa naona hesabu hiyo imekaa kichwa chini.

Dawa za kibayolojia, zile za sindano na dripu zinazotuliza kinga ya mwili, zina haki yake. Tangu infliximab, mojawapo ya hizo, iruhusiwe Marekani mwaka 1998, waliokuwa hawatoki chooni wamerudi kazini. Na aliyeenewa na maradhi sehemu ndefu ya utumbo huwezi kumkata kila palipovimba. Atakula na asinyonye kitu.

Ninaowasemea ni wale ambao ugonjwa umekaa kipande kifupi tu, mwisho wa utumbo mwembamba. Utafiti wa LIR!C, wa Uholanzi na Uingereza, uliwachukua 143 wa namna hiyo, kipande kisichozidi sentimita 40, dawa za kawaida zimeshindwa. Baadhi wakapewa infliximab, wengine wakapasuliwa kwa matundu madogo. Baada ya mwaka hali zao zilikaribiana. Walipofuatiliwa kiasi cha miaka mitano, asilimia 48 ya walioanza na infliximab walikuwa wamekwisha kukatwa. Karibu nusu! Walikimbia kisu, kikawangoja njiani. Waliotangulia kupasuliwa, asilimia 26 walikuja kuhitaji dawa za kundi la infliximab, na hakuna hata mmoja aliyekatwa tena. Kweli, nusu nyingine ya wale wa infliximab walikuwa bado hawajakatwa, na hilo si dogo. Ila mgonjwa aambiwe hesabu yote kabla hajachagua.

Huku kwetu hesabu inazidi kuwa nzito. Dripu ya infliximab ni siku ya kwanza, wiki ya pili, ya sita, kisha kila wiki nane. Kila mara boti hadi Mokowe, halafu basi la Mombasa. Adalimumab, dawa ya kundi hilo hilo, unajichoma mwenyewe kila wiki mbili, lakini inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na stima yetu mnaijua. Kijana mmoja wa mtaani hurudi na zake ndani ya boksi la barafu la wavuvi. Abiria botini humuuliza kamba kilo bei gani. Tena dawa hizi huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo kipimo chake hakirukwi.

Kisu nacho hakiponyi Crohn. Ugonjwa hupenda kurudi pale pale paliposhonwa, hasa kwa mvuta sigara, na aliyeondolewa kipande hicho huenda akahitaji sindano za vitamini B12. Miezi 6 hadi 12 baadaye lazima arudi kuchunguzwa kwa kamera. Na mpasuaji awe amezoea kazi hiyo. Mshono ukivuja tumboni, tarakimu za Uholanzi hazimsaidii mtu.

Yule kijana wa boksi niliwahi kumuuliza kipande chake kina urefu gani. Hakujua. Alikuja kuambiwa mwaka wa tatu wa sindano, na hapo ni baada ya kuuliza mwenyewe: sentimita 15.