Wiki ya Sita ya Aarhus na Nyegezi Yetu

Hapa Denmark wiki za mwaka huhesabiwa kwa namba, na watu hupanga maisha yao kwa namba hizo: likizo ya vuli ni wiki ya 42, mkutano wa wazazi ni wiki ya 36, na mtu akikualika chakula nyumbani kwake atakutajia wiki kabla hajakutajia siku. Nimeishi Aarhus miaka 11 na bado nahesabu kwa vidole. Ndiyo maana nilichelewa kuuelewa ujumbe wa mwalimu wa binti yangu, ulioingia kwenye simu nikiwa ndani ya basi, ukisema kwamba darasa lao litashiriki "Uge Sex". Nilidhani mwalimu kakosea tahajia. Kwa Kidenishi "uge seks" ni wiki ya sita, na neno la sita na neno la ngono hutamkwa sawasawa; chama cha Sex & Samfund, ambacho ndicho chama chao cha uzazi wa mpango, kimebadilisha herufi tu, kikaifanya wiki hiyo ya Februari kuwa wiki ya elimu ya jinsia katika shule za nchi nzima. Nilipong'amua nilicheka peke yangu mpaka bibi mmoja aliyekaa mbele akageuka kunitazama. Nilicheka kwa sababu fumbo lile lilikuwa la kwetu kabisa. Lingeweza kuandikwa kwenye kanga.

Kisha nikaikumbuka Nyegezi, kicheko kikakatika.

Wasomaji wa nyumbani hawahitaji kukumbushwa Novemba 2018, Rayvanny na Diamond Platnumz walipotoa wimbo wa "Mwanza", wakalitaja eneo la Nyegezi kwa namna ya kuzikazia silabi mbili za mwanzo, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ikaufungia kwa kukiuka maadili. Mwezi uliofuata wakaupiga jukwaani huko huko Mwanza, na Baraza likawazuia wote wawili kufanya maonyesho kwa muda usiojulikana, adhabu iliyokuja kuondolewa Januari 2019. Muda wote huo makondakta waliendelea kuita "Nyegezi, Nyegezi" tangu alfajiri, kwa kuwa hawakupewa jina jingine la kuiita stendi.

Najua majibu yanayoandaliwa. Mtaniambia kwamba nimekaa Ulaya nikasahau nilikotoka, kwamba ninataka watoto wa Kitanzania wafundishwe ngono darasani na kwamba ni rahisi kuitukana nchi ukiwa umekaa karibu na kipasha joto. Hilo la kipasha joto ni kweli. Mengine nayakataa, na nitayakataa kwa kuanzia Tanga, wala si Aarhus.

Mimi nimechezwa ngoma. Nilipovunja ungo niliwekwa ndani siku saba, nikaletewa somo, yaani mwanamke wa kunifunda, nikaimbiwa nyimbo ambazo wimbo wa Nyegezi ukiwekwa kando yake utaonekana kama wimbo wa shule ya chekechea. Kulikuwa na kinu na mchi, kulikuwa na shanga, na kulikuwa na wanawake wa heshima, wake za masheikh wakiwemo, waliokata viuno mpaka kanga zikalowa jasho. Hakuna aliyeona haya, kwa sababu wanaume na watoto hawakuwapo. Lakini jambo ambalo watu husahau wanapozungumzia unyago, wanaousifu na wanaoulaani kwa pamoja, ni kilichofuata ngoma ilipotulia. Somo aliketi kitako mbele yangu, akalichukua fumbo moja baada ya jingine na kulifumbua: hili maana yake ni hili, mwanamume akikwambia hivi anataka hivi, ukisikia maumivu mahali hapa usinyamaze, usafi wako unafanywa hivi. Wimbo ulikuwa nusu ya kwanza ya somo lenyewe. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alizipeleka nyimbo za namna hiyo kwenye majukwaa ya Ulaya na kushangiliwa, na ninajivunia jambo hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini huko Zanzibar, kabla ya kuwa nyota wa dunia, alikuwa mwalimu wa mabinti, na ngoma yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Tulichofanya sasa ni kulichukua fumbo kutoka chumbani, tukaliweka redioni na kwenye simu, na tukamwacha mfumbuzi nyuma. Binti wa miaka tisa wa dada yangu anaimba beti ambazo mimi nilizisikia nikiwa mwari, anazicheza kwa ustadi unaonitisha, wala hakuna mtu aliyeketi mbele yake kitako. Anayoyaona kwenye video yanamfundisha kwamba mwili wa mwanamke ni pambo la bwawa la kuogelea la kukodi, unaopigwa picha kutoka kiunoni kwenda chini, na kwamba mwenye mwili huo hana la kusema. Malalamiko yangu kwa wasanii wetu ni kwamba wanarithi lugha ya makungwi na kuitumia kuuzia kinywaji. Uchafu wanaosutwa nao ni jambo dogo kando ya hilo.

Na malalamiko yangu kwa walinzi wa maadili ni makubwa zaidi, kwa sababu wao wanalipiga marufuku fumbo, yaani sehemu pekee ya urithi huo iliyokuwa na adabu, huku wakiacha pengo la mfumbuzi likiwa wazi kama lilivyo. Wenzetu wa Kenya walifika hapo hapo mwaka 2019, mkuu wa bodi yao ya filamu alipotangaza kwamba nyimbo za "Wamlambez" na "Tetema" zibaki kwenye baa na vilabu. Watoto waliokwisha kuzijua kwa moyo hawakuwa wakizisikia kwenye vilabu. Wimbo ukifungiwa leo, kesho unatafutwa na hata wale ambao hawakuwa na habari nao, na picha za uchi kabisa, zisizo na fumbo wala wimbo, zinaendelea kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp na watu wazima wenye vyeo ambao asubuhi watahutubia kuhusu mmomonyoko wa maadili.

Sasa nirudi huku, maana nisije nikaonekana ninawapamba Wadenishi. Binti yangu alikuwa na miaka minne wakati kituo cha umma cha DR kilipoanza, Januari 2021, kuonyesha katuni ya John Dillermand, bwana mwenye masharubu anayeishi na bibi mkuu wake na ambaye uume wake, mrefu kupita kiasi na wenye milia, humtia matatani na kumtoa matatani. Wadenishi wenyewe waligombana juu yake. Mimi nilizima televisheni, nikakaa jikoni nikijiuliza kama nimefunga virago vyangu kutoka Tanga kuja kuyaona haya. Kituo hicho hicho kilikuwa na kipindi ambamo watu wazima husimama uchi mbele ya watoto wa miaka 11 hadi 13 na kuulizwa maswali kuhusu miili yao, na ninakiri kwamba sijawahi kukimaliza. Kwenye bwawa la kuogelea la mtaa wetu lazima uoge uchi kabla ya kuingia majini. Siku ya kwanza nilioga na kanga yangu, na mhudumu akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba kitambaa kibaki nje.

Kuna ukavu pia. Jinsi watu hawa wanavyoyazungumza mambo ya chumbani ni kama maelekezo ya mashine ya kufulia. Hawana kanga ya kumpelekea mtu ujumbe, hawana udi, hawana neno linaloweza kusemwa mbele ya mama mkwe na bado mumeo akalielewa. Ninawahurumia, kwa kweli.

Hata hivyo kuna jambo moja walilolifanya kwa mpangilio ambao sisi tumeuharibu. Nchi hii ilihalalisha picha za ngono mwaka 1969, ikiwa ya kwanza duniani, na mwaka 1970 ikaifanya elimu ya jinsia kuwa lazima shuleni. Yaani walipoufungua mlango, walimweka mtu mlangoni. Ndugu yangu unayeniambia kwamba tofauti yetu na wao ni dini, nakusihi ukumbuke kwamba sisi tulikuwa na mtu mlangoni kabla yao, tena alikuwa anajua Kurani na alikuwa anapiga ngoma.

Wiki ya sita ilipokwisha binti yangu alirudi nyumbani akiwa na jedwali la viungo vya mwili kwa Kidenishi, akaniomba nimjazie safu ya pili kwa Kiswahili. Nilijaza mkono, kifua, kitovu. Chini ya hapo kalamu ilisimama. Maneno niliyoyajua yalikuwa ya aina tatu: matusi, maneno ya kitabu cha Biolojia ambayo sijawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu anayezungumza, na "sehemu za siri", ambayo haisemi ni sehemu ipi. Nilimfikiria yule mtoto wa mtaani kwetu Tanga ambaye, nilipokuwa darasa la tano, alikuwa akilia na kusema tu kwamba mjomba "alimfanyia tabia mbaya", na watu wazima wakamuuliza tabia gani, na akakosa jina, na mambo yakaishia pale. Mtoto wa Aarhus mwenye jedwali lile angejibu kwa neno moja. Kama kusema hivi ni kiburi cha Ulaya, basi niandikeni miongoni mwa wenye kiburi.

Jioni ile nilimpigia shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenitafutia somo wakati wangu, nikamwambia nataka nimlete mtoto Julai. Alifurahi sana. Akaniambia kwamba somo wangu alishatangulia mbele ya haki, lakini binti yake ameirithi kazi, siku hizi ni mshereheshaji wa sherehe za jikoni, ana sare na spika mbili kubwa, na huitwa mpaka Muheza. Nikauliza kama bado huketi na mwari baada ya ngoma. Shangazi akasema muda wa ukumbi huwa hautoshi. Kisha akataka kujua kama naweza kumnunulia yule binti kipaza sauti kisicho na waya kutoka huku, maana alichonacho kinakatakata.