Kila Mtu Anajua Pa Kupunguza

Sina ugomvi na mti wa mpera. Ugomvi wangu ni na watu ambao, tangu siku tawi la mpera lilipoegemezwa kwenye nguzo ya baraza yangu hapa Walukuba, Jinja, wamegundua kwamba walizaliwa mafundi wa kutengeneza uta, na kwamba kitu pekee kilichowazuia miaka yote hiyo ni kukosa mtu wa kumwagiza.

Kazi yenyewe sikuiomba. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020, unamtaka mwanafunzi afanye miradi kwa mikono yake, na mimi siupingi mtaala. Ninachouliza ni kwa nini kila mradi wa mikono ya mwanafunzi huishia mikononi mwa babu yake. Mjukuu wangu alirudi na karatasi iliyosema kwamba darasa lao litatengeneza zana za wazee wetu, kwa mfano uta wa Batwa wa Bwindi. (Karatasi haikutaja kwamba Batwa walitolewa msituni mwaka 1991, Bwindi na Mgahinga zilipotangazwa kuwa hifadhi za taifa, kwa hiyo mwenye uta wake mwenyewe hana tena pa kuukatia mti, lakini karatasi za shule ndivyo zilivyo, husema nusu.) Muda waliotupa ulikuwa wiki mbili. Mti wa uta unahitaji miezi kadhaa kukauka, ncha zake zikiwa zimepakwa rangi ili zisipasuke, na laiti jirani asingekuwa amekata mpera wake kiangazi na kuliweka tawi moja juu ya jiko lake, lililonyooka kwa kadiri mpera unavyokubali kunyooka, ningalikuwa bado ninasubiri. Mjuzi angetafuta mti wa mkole. Mimi nilichukua kilichokuwapo, na kwa kuwa watoto wote wa mtaa hukata manati zao kwenye mpera, nilijua angalau kwamba si mti wa kudharauliwa.

Sasa nieleze, ili msomaji asije akawa kama majirani zangu. Uta una mgongo na una tumbo. Mgongo ni upande unaotazama shabaha, na tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Ukivutwa, mgongo hunyooshwa na tumbo hubanwa. Mgongo hauguswi: unabandua ganda tu na kuacha nyuzi za mti kama zilivyoota, kwa sababu ukizikata hata kidogo, hapo hapo ndipo utakapochanika. Kazi yote hufanyika tumboni, kwa randa kwanza, kisha tupa, na mwishoni kipande cha chupa iliyovunjika, ambacho hukwangua mti kwa upole kuliko chuma chochote nilicho nacho. Na shabaha ya kazi hiyo si kuufanya uta upinde, maana hata mpini wa ufagio hupinda ukilazimishwa, bali ni kuifanya mikono yake miwili, yaani nusu yake ya juu na nusu yake ya chini, ipinde sawasawa, kila sehemu ikichukua fungu lake.

Wanaoishi nyumba za kupanga wataelewa upesi. Mikono ya uta ni wapangaji wawili wanaochangia mita moja ya umeme: mmoja akikakamaa na kukataa kutoa, mwenzake hulipa kwa ajili ya wote wawili, na siku huyo mwenzake atakapokatika, giza halitachagua mlango. Ndiyo maana sehemu ngumu hupunguzwa, ili nayo ianze kuchangia, na sehemu iliyolegea huachwa kabisa, haiguswi, haikwanguliwi, haitazamwi hata kwa jicho la tamaa, mpaka wenzake wote wapunguzwe wafikie hali yake. Hebu mwambie mtu hilo! Mtu akiona mahali panapopinda sana, mkono humwasha apaguse papo hapo.

Nilipigilia ubao wenye vijino kwenye nguzo ya baraza, nikaulaza uta juu yake, nikafunga kapi chini, na kamba ikapita kwenye kapi ili niweze kuvuta nikiwa nimesimama mbali na kutazama umbo. Kwa upote, yaani kamba ya uta, nililetewa nailoni ya wavuvi wa Masese, nami nikairudisha, kwa kuwa nailoni hurefuka kama deni la ndugu na fundi huishia kupima urefu wa kamba akidhani anapima uta. Unavuta kidogo, unatazama, unatia alama ya penseli pagumu, unashusha, unakwangua, kisha unavuta na kuachia mara 20 au 30 kabla ya kuhukumu, kwa maana mti haupokei habari papo hapo. Ulichokiondoa asubuhi huenda usikione mpaka uta uvutwe na kuachiwa vya kutosha. Mtu mzima anayevuta kamba na kuiachia barazani mara 30, akikitazama kijiti bila kusema neno, ni tamasha la bure. Watu wa bodaboda walihamishia kituo chao mbele ya nyumba yangu.

Hajji wa duka ndiye aliyeanza. Alisimama na birika lake, akainamisha kichwa, akasema, “Mzee wangu, upande wa kulia huu umekakamaa, punguza.” Nikamjibu kwa heshima kwamba nimeona, na alama ya penseli iko pale pale. Hajji hakuridhika na alama; alitaka kuona maranda yakianguka. Baada yake akaja Afande mstaafu, ambaye kwanza alinikumbusha kwamba Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na kwamba tumbili wanaonimalizia mahindi nao ni wanyamapori, jambo ambalo tumbili wenyewe wanalijua vizuri kuliko mimi. Nikamwambia kwamba tutalenga mgomba uliokwisha kuvunwa. Akanishukuru kwa niaba ya serikali, akainamisha kichwa upande ule ule wa Hajji, akasema kwamba upande wa kushoto ndio uliokakamaa. “Punguza, mzee.”

Angalieni jinsi mambo yalivyo. Katika mtaa mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia “ongeza”. Wote wanasema “punguza”, na mti ukishapunguzwa haujui njia ya kurudi. Ubaya zaidi ni hesabu yake, ambayo nimejaribu kumweleza Hajji mara nyingi nikitumia sabuni yake ya mche. Ugumu wa uta haufuati unene wake kwa mstari ulionyooka, bali hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ukipunguza unene kwa sehemu moja ya kumi, ugumu hushuka kwa zaidi ya robo. Ukiupunguza kwa nusu, unabaki na ugumu wa sehemu moja ya nane. Upana hauna ukali huo, kwani ukipunguzwa kwa nusu unapoteza nusu tu, kama kitu chenye adabu. Kwa hiyo mkwaruzo mmoja mwembamba wa chupa, ambao Hajji anauita “kidogo tu”, si kidogo hata kidogo. Hajji alisikiliza mpaka mwisho, akaurudisha mche wa sabuni kwenye rafu, akaniuliza kama nitaulipia, kwa kuwa nilikuwa nimeukata.

Mwuza nyama aliniazima mizani yake ya ndoano, na hapo ndipo penye kanuni ambayo wavutaji wengi huikiuka. Unaamua kwanza uzito unaoutaka, kisha hauuvuti uta kupita uzito huo, hata kama bado unapinda shubiri moja tu. Unakwangua, na kwa uzito ule ule utakubali kwenda mbele zaidi, na zaidi, mpaka ufikie urefu wa mkono wa mpigaji. Kwa kijana wangu nilipanga kilo 15 kwa mvuto wa sentimita 60. Kila siku wateja wa nyama walikuja kuifuata mizani barazani kwangu na, walipokuwa wakisubiri, walitoa ushauri. Wengine walitoa ushauri wakiwa na ini mkononi.

Mvua nayo ina lake. Jinja, ziwa likiwa hapa chini, hewa huwa na maji hata siku ambayo haijanyesha, na mti huyanywa maji hayo bila kuomba ruhusa. Uta wenye unyevu hupinda kwa uvivu, tumbo lake hubanwa likabaki limebanwa, na ukiushusha hauinuki tena kunyooka, umekwisha kuzoea kuinama. Kwa hiyo kila jioni niliurudisha juu ya jiko, na kila jioni mke wangu aliuliza kama nyumba hii ina jiko au ina bohari. Nilimpa ndoo nzima ya maranda ya kuwashia sigiri, tukafikia mapatano.

Katika washauri wote, mmoja tu nitamtendea haki, naye ni mama mwenye cherehani wa nyumba ya pembeni. Alikuja mara moja, hakusema “punguza”, akasimama muda mrefu kwa jicho la mtu anayekata kola tangu ujana wake, kisha akasema, “Baba, ugeuze.” Nikaugeuza uta, kulia kukawa kushoto, na papo hapo nikaona ugumu ambao jicho langu lilikuwa limeuzoea na kuusamehe. Jicho hufanya hivyo. Hupenda upande wake. Mama yule alirudi kwenye cherehani yake bila kudai chochote, na Hajji, aliyekuwa ameshuhudia, akatangaza kwamba ndivyo alivyokuwa akisema tangu mwanzo.

Usiku nilijipa moyo kwa habari ya Ötzi. Mwaka ule ule wa 1991, katika barafu ya milima ya Alps, karibu na mpaka wa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Alikuwa na uta wa mti wa yu wenye urefu wa mita 1.82, nao ulikuwa haujamalizika: alama za chombo alichouchongea bado zinaonekana juu yake. Mwaka 2001 eksirei ikaonyesha ncha ya mshale begani mwake, upande wa kushoto. Wataalamu wameandika mengi kuhusu aliyempiga. Maoni yangu ni mafupi: kuna mtu mahali fulani aliyekuwa amemaliza uta wake, na mtu huyo hakuwa na majirani.

Uta wetu ulimalizika siku mbili kabla ya Jumatatu ya kukabidhi. Ukivutwa sentimita 60, mikono yote miwili hufanya tao moja zuri ambalo hata mama wa cherehani aliliitikia kwa kichwa, na mizani husema kilo 9. Kilo sita zimeliwa na ushauri. Hajji alikuja na birika, akainamisha kichwa, akasema kwamba mkono wa chini umekakamaa kidogo, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimjibu kwa raha: umekakamaa kwa sababu nimetaka ukakamae, kwa kuwa mkono wa mtu hushika chini ya mshale na mshale hupita juu ya ngumi, kwa hiyo mkono wa chini wa uta hubeba zaidi, na fundi huuachia nguvu kidogo kuliko wa juu. Hajji alifikiri. “Basi wa juu,” akasema, “punguza.”

Jumapili jioni mjukuu wangu alikuja barazani, akauvuta uta, akauachia bila mshale, jambo ambalo huua uta haraka kuliko mvua, nami nikampokonya. “Jaja,” akasema, “mwalimu amesema mradi umebadilishwa. Tunatengeneza sabuni ya maji.” Nikamuuliza wanatakiwa kupeleka nini. Akasema kila mwanafunzi apeleke ndoo moja, safi, tena kavu. Ndoo ninayo. Mke wangu anasema maranda hayatoki humo mpaka yaishe, na kwa jinsi sigiri inavyokula, yataishia Krismasi.