Msaidizi wa Programu Ndani ya Kontena: Kinga au Usumbufu?

Ukitaka msaidizi wa akili mnemba wa kukuandikia programu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kumfungia ndani ya kontena, yaani chumba cha programu kilichotengwa na mashine yako, kama zile zinazoundwa na Docker. Ushauri huo una mashiko. Msaidizi wa siku hizi hakamilishi mistari tu. Anafungua faili, anaendesha amri, anapakua maktaba kutoka intaneti. Akikutana na faili ambamo mtu amepenyeza maelekezo ya hila, anaweza kuyafuata kana kwamba wewe ndiye uliyemtuma. Ndani ya kontena, akiharibu, unalifuta na kuanzisha jingine.

Ila wengi hujenga ukuta, wakaubomoa wenyewe. Humwachia msaidizi folda yao yote ya nyumbani, pamoja na folda ya .ssh yenye funguo za siri za kuingilia seva, eti asikwame. Wengine humpa /var/run/docker.sock, faili ya kuiamuru Docker yenyewe, ili aanzishe makontena mengine. Kwa faili hiyo anaweza kuanzisha kontena lililobeba diski nzima ya mashine, na kuifanyia atakalo kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mashine. Hapo kontena limebaki jina tu.

Wanaoendesha na modeli yenyewe, ile akili iliyo nyuma ya msaidizi, kwenye mashine yao kwa programu ya Ollama wana mtihani mwingine. Kile kipande cha amri ya docker run kinachonakiliwa kila mahali, -p 11434:11434, hufungua poti hiyo (mlango wa mtandao wa Ollama) kwa yeyote anayeweza kuifikia mashine kupitia mtandao, na kwenye Linux, Docker huipita ufw, ngome ya kuzuia miunganisho ya mtandao, bila hata kuisalimia. Andika -p 127.0.0.1:11434:11434, poti ifikiwe kutoka mashine yako tu. Kwenye Mac, modeli iliyo ndani ya kontena la Docker haiipati kadi ya michoro, hivyo hujikongoja kwa prosesa peke yake. Huko ningeiacha modeli nje, nikamfungia msaidizi tu, awasiliane nayo kupitia host.docker.internal, anwani inayolielekeza kontena kwenye mashine yenyewe. Mwenye Linux na kadi ya Nvidia hana shida hiyo: anasakinisha NVIDIA Container Toolkit, inayoliwezesha kontena kuitumia kadi, anaongeza --gpus all kwenye amri ya docker run, basi.

Anayetaka kukamilishiwa mistari tu, na kila pendekezo analikagua mwenyewe, sioni kwa nini ajitwike mzigo huu. Anayemruhusu msaidizi aendeshe amri bila kuomba ruhusa hana pa kukwepea, na kontena peke yake halimtoshi. Folda ya mradi mara nyingi ina faili ya .env yenye nywila za hifadhidata, na msaidizi anayeweza kuisoma, huku intaneti iko wazi, anaweza kuituma popote. Huyo ampunguzie anwani anazoruhusiwa kufikia, na nywila zilizomo ziwe za majaribio.