Msiuguse Msasa Upanga wa Babu

Nikisikia kuna mtu hapa Tabora kaukuta upanga wa kizamani kwenye sanduku la marehemu, au jembe limeugonga shambani, roho hainitulii mpaka nimfikie. Nataka nimuwahi kabla hajashika msasa. Ndivyo tulivyolelewa: chuma kikiwa na kutu, kinasuguliwa. Zamani ilikuwa mchanga, majivu na limao. Siku hizi kinapelekwa kwa fundi wa kuchomelea kupigwa mashine. Kinarudi kinameta, na jina la aliyekifua limeondoka na vumbi la kutu.

Nayasema haya kwa uchungu kwa kuwa niliyafanya mwenyewe. Singe yangu ya kwanza, yaani kile kisu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, niliinunua kwa mnunuzi wa skrepa, ikapimwa kwenye mizani pamoja na vipande vya nondo. Ilikuwa ndefu, bapa lake lapita sentimita 40, jeusi tii. Jioni ile ile nikakaa barazani na msasa mpaka giza likaingia. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojifunza kusoma singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907. Pale shingoni, bapa linapokutana na mpini, hupigwa taji, herufi za mfalme, namba 1907, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na jina la kiwanda. (Hiyo 1907 imewapoteza wengi. Ni mwaka wa muundo. Singe iliyotoka kiwandani 1917 nayo imepigwa 1907.) Upande wa pili kuna mshale mpana, alama ya mali ya serikali, na X inayoonyesha kwamba bapa lilipindwa likapimwa, likarudi sawa. Kwenye yangu imebaki X peke yake. Huenda ilitoka kwa Sanderson wa Sheffield, au kwa Wilkinson wa London, au kiwanda cha Ishapore kule India. Sitajua kamwe, na aliyefuta ni mimi.

Kwa mji kama wetu hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tabora imepitiwa na misafara ya Waarabu kutoka pwani, ikaona vita vya Mtemi Isike na Wajerumani vilivyoisha Januari 1893, kisha tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Tombeur yakaingia mjini. Wanyamwezi walibeba mizigo na bunduki katika hayo yote. Kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa na kitara, ule upanga wa Kiomani, singe ya Kijerumani na singe ya Kiingereza, na wenyewe wote watatu wakakuambia, "Hiki cha Mjerumani." Mjerumani amekuwa jina la kila chuma kirefu. Chapa ndiyo inayotenganisha.

Nichukue singe ya mtaa wa Isevya, hapa hapa Tabora. Nilipelekwa kwa bibi mmoja na mjukuu wake niliyewahi kumfundisha. Tukamwamkia, akatukaribisha mkekani, akaitoa chini ya kitanda imefungwa kipande cha khanga. Singe fupi kama kisu cha mchinjaji, mpini wa mbao iliyolainika kwa kushikwa. Baba yake aliichinjia mbuzi miaka yote. Sikuigusa kwa kitu kikali. Nilidondoshea mafuta ya cherehani shingoni, nikaacha tukanywa chai, nikafuta taratibu kwa kitambaa cha pamba. Halafu nikalaza tochi ya simu ubavuni, mwanga upite juu juu ya chuma, maana ukimulika kutoka juu huoni kitu.

Vikatokea vichwa viwili vidogo: mfalme mwenye taji, na pembeni yake shujaa mwenye kofia ya chuma. Hiyo ni chapa ya Weyersberg, Kirschbaum wa Solingen, Ujerumani, nyumba mbili za wahunzi zilizoungana mwaka 1883. Nikageuza nione mgongo wa bapa. Taji, chini yake herufi W, chini yake 87. W ni Wilhelm, mfalme wa Prussia, dola ya Kijerumani, na 87 ni mwaka 1887 jeshi lilipoikagua na kuipokea. Wilhelm wa Kwanza alikufa mwaka uliofuata.

"Kwa hiyo ni kongwe kuliko baba yangu?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi. Kwa miaka mingi tu."

Akaishika upya, kama mtu aliyepewa mtoto mgeni.

Hapo kuna mtego ambao wakusanyaji wenzangu huuingia. Jina la mfuaji halikuambii nani aliibeba. Solingen iliuza duniani kote. Hao hao Weyersberg, Kirschbaum waliwafulia Waajentina singe zao. Vichwa viwili peke yake vingeniambia "Solingen" tu. Taji na W vya mgongoni ndivyo vilivyoipeleka kwa jeshi la Prussia. Na kwa panga za maofisa wa Kiingereza kuna mtego mwingine: jina lililochorwa kwenye bapa mara nyingi ni la duka la sare lililouza, huku bapa lenyewe likiwa limefuliwa Birmingham au Solingen. Wilkinson ndio waliorahisisha kazi. Panga zao nyingi za maofisa zina namba mgongoni, na vitabu vya namba hizo vilitunzwa, hata unaweza kulipata jina la ofisa aliyenunua. Namba moja ikifutwa, mtu mzima amepotea.

Vitara ndivyo vinavyonifikirisha zaidi. Mpini na ala ni kazi ya Oman, lakini bapa mara nyingi lilitoka Ulaya, na pengine utakuta mbwa mwitu anayekimbia, mistari michache tu ya kukwaruza, alama iliyoanzia Passau na baadaye kuchukuliwa na Solingen. Mistari ile haina kina. Msasa ukipita mara mbili, mbwa mwitu hayupo.

Swali la kwanza ninaloulizwa daima ni bei. Sipendi kulijibu. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na ningeona afadhali vitu hivi vikae kwenye familia zenyewe, au vikaenda makumbusho kama ile ya tembe la Livingstone pale Kwihara, kuliko kuvuka mpaka ndani ya begi la mtu. Kwangu inatosha kuweka karatasi nyembamba juu ya chapa, kupitisha penseli, na kuondoka na kivuli chake. Ninayo madaftari mawili ya vivuli hivyo. Cha Isevya nilitoa viwili, kimoja nikamwachia bibi. Alikikunja akakifunga ndani ya khanga pamoja na singe yake.

Juzi nimepigiwa simu kutoka Ng'ambo. Upanga mrefu, mpini umefungwa waya, shingoni pana giza la kutu. Kijana wa nyumba ile ameshanunua msasa. Nimemwomba anisubiri mpaka Jumamosi.