Chanzo cha mafuta kimepatikana, kilikuwa mfukoni mwangu

Haya, naona meseji zimekuwa nyingi na wote mnauliza kama ni kweli nilimwaga mafuta, kwa hiyo jamaa yangu wa maabara keshaisambaza stori yangu. Toleo lake linasema nilimwaga mafuta baharini. Sijamwaga mafuta baharini jamani! Yale mafuta hayakufika hata baharini, na hapo ndo penye kesi yenyewe, ngoja nieleze kabla hajatoa toleo la pili lenye picha.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua natafuta mafuta kwenye maji ya bahari. Sio yale meusi ya kwenye taarifa ya habari, yale yanayomgandia ndege mpaka hajui pa kuruka, hayo hata mtoto anayaona. Mi nahangaika na yale madogo madogo yaliyochanganyika na maji, ya kupima kwa mikrogramu kwenye lita, huyaoni wala huyanusi lakini mayai ya samaki yanayajua. Baada ya meli ya mafuta Exxon Valdez kupasuka kule Alaska 1989 watafiti walikuja kubaini kwamba kiasi kidogo tu cha sumu ya mafuta ghafi kinatosha kuharibu moyo wa samaki akiwa bado ndani ya yai, anatoka anaogelea vizuri tu ila moyo haupo sawa. Kwa hiyo kazi ni nzito, sio ya mchezo, na mimi huwa siichukulii kimchezo, nauliza tu kama kuna mtu bado ananiamini.

Sasa ukitafuta kitu kidogo hivyo adui yako sio bahari, ni vitu ulivyokwenda navyo. Grisi ya winchi, moshi wa injini, losheni ya jua, plastiki. Ndo maana chupa zetu ni za kioo cha kahawia, zinaoshwa, zinasuuzwa kwa kiyeyusho, tukifika kwenye kituo, yaani pale tunapochota maji, boti inageuzwa pua iangalie upepo, injini inazimwa, na chupa inafunguliwa ikiwa tayari chini ya maji ili isizoe utando wa juu. Haya yote nayafundisha mimi. Kuna mwanafunzi nilimrudisha akanawe mpaka kwenye viwiko kwa sababu ya losheni, tena nikamsemesha mbele za watu. Yupo humu anasoma. Shikamoo mkubwa.

Tuje kwenye mikono yangu. Chumvi na upepo na kunawa kila saa vilishanimaliza, vidole vimepasuka, nikikunja ngumi natoa machozi. Asubuhi kabla ya kupanda boti nikapaka mafuta ya mgando, yale meupe mazito ya kwenye kopo, nikapaka kweli kweli, halafu nikavaa glavu. Akili kubwa hiyo, glavu inazuia. Ila sasa glavu haijivai yenyewe, mkono wa kulia ulioloa mafuta ndo uliovuta glavu ya kushoto kwa nje, na kwa hizo hizo glavu nikafungua vifuniko, nikapangusa midomo ya chupa, nikawa nakagua kwa makini kama chupa ni safi.

Na mafuta ya mgando yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mafuta ghafi hayo hayo, ni mabaki mazito ya kiwandani yanayosafishwa mpaka yanakuwa meupe. Yaani mtaalamu wa uchafuzi wa mafuta nilijipaka mafuta ghafi yaliyoenda shule, kisha nikaenda kutafuta mafuta.

Majibu ya mashine yalipotoka nikaruka. Kwa wasiojua, ile mashine inachora mstari, kila kemikali na mwiba wake. Mafuta mabichi yanatoa miiba mirefu mirefu iliyojipanga. Yakikaa baharini bakteria kina Alkanivoraksi wanaanza kula minyororo ya kaboni iliyonyooka maana ndo milaini, miiba inapungua, kinachobaki ni fungu la vitu visivyotenganishika, linainuka kwenye grafu kama nundu ya ngamia. Mi nikaona nundu. Kituo cha karibu na pwani, nundu. Kituo cha mbali, nundu. Maji ya juu, maji ya chini, nundu ile ile, kimo kile kile. Mtu mwenye akili zake angejiuliza bahari gani hii imepakwa mafuta sawasawa kila kona. Mi nikasema loo, janga ni kubwa hili!

Nikaandika imeili. Imeili ilienda kwa watu wengi, hiyo tuipite haraka tafadhali.

Siku ya kuwasilisha ukumbi umejaa, wengine wapo kwenye skrini kwa mtandao. Nimechomekea. Slaidi ya kwanza nikaweka Deepwater Horizon, ule mtambo wa kuchimba mafuta uliolipuka Ghuba ya Meksiko, 2010, nikaongea kwa sauti ya chini kuhusu wale wafanyakazi 11 waliokufa na kisima kilichotapika siku 87. Kisha, bila aibu, nikabonyeza slaidi ya pili, nundu yangu. Nikanyamaza kidogo ili iwaingie. Jamaa yangu, ambaye ndo mwendesha mashine, alikuwa amekaa kwenye kompyuta pembeni anakuna sikio, na hapo ningeshtuka maana yule bwana hakuni sikio bure.

Prof akavua miwani.

"Kijana, krisini iko wapi?"

Krisini ni moja ya zile hidrokaboni za pete pete, ndo zenye sumu yenyewe, na mafuta ghafi lazima uzikute. Kwenye grafu zangu hakukuwa na pete hata ya kuchumbia. Nikasema, "Prof, haya ni mafuta ya zamani, zitakuwa zimeshaharibika." Nikasema kwa kujiamini kabisa, mkono mmoja mfukoni.

"Zile nyepesi sawa, zinapotea. Krisini ni mbishi, inabaki wenzake wakishaondoka. Hebu tuone blanki."

Blanki, wapendwa, ni maji safi ya maabara. Tunayajaza kwenye chupa, yanapanda boti na sisi, tunayafungua kidogo yaone hewa, tunayafunga, yanarudi. Hayagusi bahari kabisa. Kazi yake ni kuonyesha uchafu uliouleta wewe. Blanki zilipimwa mwisho na mimi sikuzifungua kwa sababu, nimtazame nani sasa, nilikuwa natengeneza slaidi ya Deepwater Horizon.

Jamaa akabonyeza faili. Hiyo programu yetu inachora mstari taratibu kutoka kushoto, sijui nani aliona hilo ni wazo zuri. Mstari ukaanza. Bapa. Nikapumua. Bapa. Kuna mtu akakohoa. Bapa bado, nikaanza hata kutabasamu, nikageuka nimwangalie Prof kama kumwambia si unaona. Prof hakuwa ananiangalia mimi. Nikageuka tena kwenye skrini nikakuta mstari umeanza kunyanyuka, kidogo tu, ungesema ni kelele za mashine, mi nilikuwa tayari kusema ni kelele za mashine, mdomo nimeshaufungua, ukapanda, ukapanda, ukapita kimo cha sampuli zangu zote, programu ikabidi ijipunguze yenyewe ili nundu ienee kwenye skrini.

Blanki ilikuwa chafu kuliko bahari. Ndo chupa ya kwanza niliyoishika asubuhi ile.

Kimya. Mnajua kile kimya ambacho unasikia feni ya projekta? Na mimi nikibanwa huwa nasugua vidole, na vidole bado vilikuwa vinauma, kwa hiyo ule mkono uliokuwa mfukoni ukatoka na kopo. Sikuuagiza. Ulitoka wenyewe, kwa mazoea, nikafungua kifuniko mbele ya kadamnasi, nikachota, nikapaka kidole cha shahada huku nafikiria nijibu nini.

Macho ya Prof yakatoka kwenye skrini yakaja kwenye kopo. Yakarudi kwenye skrini. Yakaja kwenye kopo.

"Hiyo ni nini?"

"Mafuta, Prof."

Aliyeanza kucheka alikuwa kwenye mtandao, alisahau kuzima maiki, nakujua na sijasahau. Baada ya hapo ukumbi mzima ukawa hauna mwenyewe. Jamaa yangu alilala kabisa juu ya kibodi na kwenye skrini herufi zikawa zinajiandika.

Mengine mafupi. Kopo likachukuliwa, likapimwa, likafanana na sampuli kila mwiba. Imeili ya kufuta imeili ikaenda, ilikuwa fupi sana kuliko ile ya kwanza. Tukarudi boti na glavu nikavalishwa na mtu mwingine kama daktari wa upasuaji, yule yule wa losheni, alinikagua mpaka kwenye kucha na sikuthubutu kusema neno. Majibu mapya yapo chini sana, pete kidogo zimeonekana, za kweli safari hii, na blanki bapa mwanzo mwisho. Nitayaandika vizuri siku nyingine nikiwa na uso.

Kuna kitu kimoja kinaniuma bado. Kwenye kompyuta ya maabara tuna maktaba ya alama za mafuta, ghafi za nchi mbalimbali, dizeli, mafuta ya meli, ukipata sampuli isiyoeleweka unalinganisha. Prof kaingiza na kopo langu, kwa jina langu kamili, na kila mtu akitafuta chanzo cha uchafuzi linajitokeza la pili kwenye orodha kwa sababu linaanza na herufi A. Nimeomba libadilishwe liitwe "mgando". Jamaa yangu ndo mwenye neno la siri, anasema yupo bize.