Kamera ndogo kwenye hina, kamera kubwa kwenye kupamba

Mwezi wa Shaabani ukiingia, Mombasa huwa harusi juu ya harusi. Kila familia inataka kumaliza shughuli yake kabla ya Ramadhani, na simu yangu huanza kupokea swali lile lile kutoka kwa wasichana wanaotaka kuingia kazi hii ya kupiga picha upande wa wanawake: "Dada, mimi nina kamera ndogo tu. Itanifaa, au nijikaze ninunue DSLR, ile kubwa ya kubadilisha lenzi?"

Siwajibu haraka. Mimi mwenyewe nilianza na kamera ndogo ya mwaka 2010, ile ya kutia ndani ya mkoba pamoja na wanja na funguo. Nikahangaika nayo misimu mitatu, ndipo nikanunua DSLR iliyokwisha tumika. Zote mbili ninazo hadi leo, na zote zinafanya kazi. Kwa hiyo nikisema moja ina upungufu, sisemi kwa kuidharau. Nimekula kwa jasho lake.

Nianze na lile lisilo na ubishi, nalo ni giza. Ndani ya kila kamera mna kihisi, kibamba kinachopokea mwanga pale ambapo zamani palikaa filamu. Kwenye kamera ndogo nyingi za kawaida kibamba hicho kina kama milimita 6.2 kwa 4.6, hakijai hata ukucha. Boksini huandikwa 1/2.3 ya inchi, na ukichukua rula ukapima hutaipata inchi hiyo popote. Jina limerithiwa kutoka zama za mirija ya kamera za televisheni, ambapo kilichopimwa kilikuwa unene wa mrija kwa nje, si sehemu inayoona. DSLR za bei ya chini za Canon zina kihisi cha kama milimita 22.3 kwa 14.9. Zidisha upate eneo: 28 kwa 332. Mara kumi na mbili, karibu.

Sasa ingia nacho hicho kidogo ukumbini saa nne za usiku, taa za zambarau zinazunguka, bi harusi yuko juu ya jukwaa. Kamera haioni, inapandisha ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga, ili ijisaidie, na picha inajaa chenga. Kwenye skrini ya nyuma hutaziona. Utaziona siku ya kusafisha picha kwa ukubwa wa A4, pale shavu lililopambwa kwa saa tatu linapotoka kama limenyunyiziwa semolina. Mama yake bi harusi hakuniambia neno siku ile. Alizipanga tu mezani moja moja, akazikusanya, akanilipa. Ningependelea anigombeze.

La pili ni mwendo. Kamera ndogo za rika ile hutafuta ukali wa picha kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya kuzungusha kwa mkono: anapita, anagundua amepita, anarudi, anapita tena kidogo, anatulia. Gizani huwasha na kitaa chake cha rangi ya chungwa, ukumbi mzima ujue unajaribu. DSLR ina kioo mbele ya kihisi, na kioo hicho hupitisha sehemu ya mwanga kwenda kwenye vipimo maalumu vilivyo chini ya kamera. Vipimo hivyo huiambia lenzi mara moja isogee upande gani na kwa kiasi gani. Tofauti ni ya sehemu ya sekunde, lakini wanawake wanaocheza chakacha hawakusubiri sehemu ya sekunde. Wala bi harusi anapoinua uso mara ya kwanza baada ya kufunuliwa. Mimi nilibonyeza ameinua, na picha ikaja ameshainamisha. Vigelegele vimekwisha, huwezi kumwambia arudie.

Hadi hapo DSLR inaonekana imeshinda mchana kweupe, na wauzaji wangependa niishie hapa. Siishii.

Msichana akienda dukani na akiba yake atauziwa DSLR pamoja na lenzi ya 18-55, ile ya zuumu ambayo uwazi wake ni f/3.5 ukiwa kwenye upana wote (18) na f/5.6 ukiwa umeivuta hadi mwisho (55); namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi. Lenzi hiyo si mbaya mchana. Usiku ni pingu. Kuna kompakti, yaani kamera ndogo, za daraja la juu za miaka ileile zenye kihisi kikubwa kidogo, cha milimita za mraba 41 hivi, na lenzi inayofunguka hadi f/2. Kihisi cha DSLR kinakizidi hicho mara nane. Lakini lenzi ya f/2 inaingiza mwanga mara tatu zaidi ya ile ya f/3.5, kwa hiyo ubora wa mara nane unabaki pungufu ya mara tatu. Ongeza uzito, ongeza bei, halafu ujiulize umenunua nini. Nimewaona wasichana wenye DSLR shingoni, mode ya kijani ya otomatiki, flashi ile ya kuchomoza juu ya kamera, lenzi ya boksini, na picha zao nashindwa kuzitofautisha na zangu za mwaka wa kwanza. Wamenunua kompakti nzito.

Faida ya DSLR haipo kwenye mwili wake, ipo kwenye vitu unavyoweza kuuwekea. Cha kwanza ni lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko zote za namna yake na ndiyo iliyonitoa utumwani. Kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Haina zuumu, ni kweli, na juu ya kihisi kile inaona kama 80mm, maana yake kwenye nyumba zetu za Mji wa Kale utarudi nyuma mpaka mgongo ugote ukutani na bado kiti cha bi harusi kitakatwa mguu. Huo ni mtihani wa siku mbili tatu, halafu miguu inajifunza.

Cha pili ni kiatu cha flashi pale juu, mahali pa kuchomekea flashi ya nje. Flashi ya kamera ndogo imekaa karibu mno na lenzi. Mwanga unaingia jichoni, unagonga mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi ulikotoka, ndipo wageni wako wote wanapotoka na macho mekundu kama popobawa. Flashi ya nje unaielekeza darini, mwanga ushuke taratibu kama wa dirisha. Ila tazama dari kwanza! Harusi yangu ya kwanza na flashi ya kuelekeza juu ilikuwa ndani ya hema lililopambwa vitambaa vya waridi, na mwanga ulishuka na rangi hiyohiyo. Ukoo mzima ulitoka picha kama umepata surua.

Hapo sasa nije kwenye lile ambalo sijasikia mtu akiisifia kamera ndogo, nalo ndilo bora lake.

Siku ya hina. Mikono ya bi harusi imelala juu ya mto, maua ya hina na piko, ile rangi nyeusi, yamepanda kutoka ncha za vidole hadi kwenye kiwiko, na mpakaji anataka kila jani lionekane kwa sababu picha hiyo ndiyo itakayomletea kazi ya wiki ijayo. Kamera ndogo unaisogeza hadi sentimita tano, nyingine hata moja, nayo inaona. Lenzi ya boksini ya DSLR inagoma ukiwa umbali wa kama sentimita 25. Na si ukaribu tu. Kwa kuwa kihisi ni kidogo na lenzi ni fupi, karibu mkono wote unakuwa mkali, kidole cha mbele na kifundo cha nyuma kwa pamoja. Nilipojaribu kwa 50mm yangu niliyoipenda, nilipata ukucha mmoja wa kupendeza na moshi.

Mtu atasema: bana tundu la lenzi ya DSLR, nenda f/10. Sawa. Kamera ndogo ikiwa f/2.8, DSLR inahitaji kama f/10 ili ipate ukali wa kina kile kile. Lakini ukibana hivyo unapoteza mwanga mara kumi na mbili, au zaidi kidogo, yaani ule ule uliojisifu kuupata kwa ukubwa wa kihisi. Umerudi pale pale, na mzigo begani. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kuona haya kutoa kamera ndogo mbele ya wateja. Angalizo moja tu: usiisogeze mno zuumu ikiwa kwenye upana wote, kidole gumba kitatoka kama muhogo.

Sifa ambayo kila mtu huipa kamera ndogo ni nyingine, kwamba haionekani. Unapita nayo Kongowea sokoni au kwenye vichochoro, watu hawakazi nyuso, unapata maisha kama yalivyo. Kwa barabarani sina ugomvi. Kwenye kupamba ninaihesabu kuwa kasoro yake kubwa kuliko chenga, kuliko ucheleweshaji, kuliko macho mekundu.

Asiyejua shughuli zetu aelewe hivi: kupamba ni usiku wa wanawake peke yao. Mabuibui yamevuliwa, nywele ziko nje, magauni ni ya kuonekana na wanawake wenzetu basi. Mlangoni simu hukusanywa, na wasichana wa upande wa bi harusi hupekua mikoba bila kumwonea mtu haya. Sababu yake kila mtu anaijua. Picha moja ikitoka kwenye kundi moja la WhatsApp, asubuhi iko Dubai. Kamera yangu ndogo haina laini, haitumi chochote popote, lakini anayeiona ikichomoka mkobani katikati ya ukumbi hajui hilo na hana haja ya kulijua. Harusi moja nilishikwa mkono na halati wa bi harusi, yaani dada wa mama yake, ingawa niliajiriwa na dada yake halati huyo mwenyewe. "Mwanangu, hicho kidude ni cha nini?" Nilijieleza. Aliniachia, ila alikaa nyuma yangu usiku kucha, na alikuwa na haki.

DSLR shingoni inajitambulisha yenyewe. Ukumbi mzima unajua mpiga picha ni nani, yuko wapi, anaelekea wapi. Asiyetaka ana muda wa kugeuza uso, kuvuta mtandio, au kuniinulia kiganja, nami nampita. Hata ule mlio wa kioo, klak, ambao wapenzi wa kamera za kimya huulalamikia, ni taarifa: umepigwa. Mlio huo unaniudhi wakati wa dua tu, na wakati wa dua sipigi. Ukubwa ule ninaoubeba mpaka bega linauma unaomba ruhusa kabla sijafungua mdomo. Kamera ndogo huwezi kuifundisha adabu hiyo, hata uwe na nia safi vipi.

Mengine nayapitia upesi. Betri: kompakti nyingi huchoka kwenye picha 200 hivi, DSLR nyingi hupita 400, basi beba akiba. Mchanga wa pwani: kamera ndogo yenye lenzi ya kutoka na kuingia ikimeza punje moja inaweza kukwama na ndiyo kwaheri. Unyevu wa bahari huotesha ukungu ndani ya lenzi kubwa ukizifungia kabatini, na lenzi ndizo ghali. Megapikseli sizizungumzii. Kwa kusafisha picha ya ukutani sebuleni, kumi zinatosha.

Wapo watakaosema DSLR zimekwisha kabisa, na hawakosei sana. Canon na Nikon walitoa za mwisho za maana mwaka 2020, tangu hapo nguvu yao iko kwenye kamera zisizo na kioo. Kwangu hiyo ni habari njema, kwani waliohama wanauza walizonazo.

Basi msichana akinipigia, nami humrudishia swali: umeitwa kupiga nini? Kama ni hina, keki, sinia za mahari na vikuba vya asumini mchana, hiyo ndogo yako inatosha, jifunze tu kuizima flashi na kukaa karibu na dirisha. Kama ni ukumbini usiku, tafuta mwili wa DSLR uliotumika, lenzi ya 18-55 waachie wenyewe, weka pesa kwenye 50mm na flashi. Na ile ndogo usiiuze.

Yangu ilitoka mkobani Alhamisi iliyopita, Kibokoni, kwenye hina ya mjukuu wa kwanza. Nyanya yake naye alipakwa, kiganja na vidole, na nikampiga karibu kabisa, dirishani. Akataka kuona. Nikamshikisha kamera, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akatazama maua yake, na nyuma ya maua, ngozi yote ya mkono.

"Na hii mishipa yote imetoka?"

"Ndiyo, nyanya. Yote."

Alikaa kimya kidogo, kisha akanirudishia.

"Basi nisafishie moja. Kubwa."