Wewe Uliyeficha, Umenileta Wapi?

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, kwenye njia ya msituni nje kidogo ya Portland, jimbo la Oregon, binti yangu alipiga magoti mbele ya kigogo kilichooza, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatulia.

"Mama, kuna chuma."

Tulikuwa tumezunguka pale dakika 40. Simu ilituambia tumefika, mara tumepita kwa mita 9, mara tumefika tena. Chini ya misonobari mirefu namna ile mawimbi ya setilaiti hugonga huku na huku kabla ya kuifikia simu, kwa hiyo mita za mwisho unazitafuta kwa macho na vidole. Alichokitoa kilikuwa kasha la chuma la kijani, la aina ile wanajeshi wanayowekea risasi, zito, lenye mpira wa kuzuia maji kwenye mfuniko. Ndani mlikuwa na gololi mbili, kigari cha kuchezea kilichopungukiwa tairi, kifungo cha koti, penseli fupi, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Jina la kwanza kwenye daftari lile liliandikwa mwaka 2004.

Binti yangu alichukua gololi moja, akaacha kauri aliyoiokota ufukweni Raskazone tulipokwenda kumwona bibi yake. Akaandika jina lake na tarehe, kisha bila kuambiwa na mtu akaongeza neno moja: Tanga. Tukalirudisha kasha mahali pake, tukalifunika kwa magome kama tulivyolikuta.

Mchezo huu wenyewe huuita geocaching. Nyumbani kwetu tumezoea kusema jiokashi. Mtu anaficha kasha, anapima mahali alipoliweka kwa GPS, anatangaza namba za mahali hapo mtandaoni, na yeyote mwenye simu anaweza kwenda kulitafuta. Ukilipata unaandika jina kwenye daftari. Ukichukua kitu, unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Makasha yaliyofichwa duniani leo yamepita milioni 3, na kuna mengi zaidi karibu na njia unayopita kila siku kuliko unavyodhani, hasa kama unaishi Ulaya au Marekani.

Mimi nimekulia kombolela. Mmoja anafumba macho na kuhesabu, wengine tunatawanyika nyuma ya matangi ya maji na kwenye mikorosho, na mwenye mbio ndiye anayerudi kuwakomboa waliokamatwa. Ndiyo maana jiokashi iliniingia haraka. Tofauti ni kwamba huku aliyejificha ni kopo, linakaa kimya miaka 20 likikusubiri, na aliyelificha humjui wala huenda usimwone maisha yako yote. Lakini mmekubaliana jambo. Yeye amekuahidi kwamba ukifuata namba zake utafika mahali, nawe umemwahidi kwamba utaacha kila kitu ulivyokikuta. Mimi naipenda sana ahadi hii ya watu wasiojuana, na makala hii naiandika kwa sababu naona upande mmoja umeanza kuilegeza.

Nianze na mwanzo wake, maana mwanzo wenyewe uko jirani na ninapoishi. Hadi mwaka 2000 GPS ya raia ilikuwa ikiharibiwa kwa makusudi. Marekani iliyachafua mawimbi ili asiye mwanajeshi wake asipate mahali sahihi, na kifaa chako kingeweza kukupotosha kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton akaagiza uchafuzi huo uondolewe, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 vifaa vyote duniani vikawa sahihi takriban mara kumi kwa mkupuo mmoja. Siku iliyofuata, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alikwenda pembeni ya barabara ya msituni karibu na Beavercreek, kusini mashariki mwa Portland, akaweka ndoo nyeusi ya plastiki aliyoizika nusu. Ndani alitia vitu vidogo vidogo, likiwemo kopo la maharage. Akaandika namba zake kwenye kundi la mtandaoni la watu wa setilaiti. Mike Teague akawa wa kwanza kuipata, siku chache tu baadaye. Mwezi Septemba mwaka huohuo Jeremy Irish akafungua tovuti ya kukusanya namba hizo, ikiwa na makasha 75 ya dunia nzima.

Pale ilipokuwa ndoo sasa pamewekwa bamba la kumbukumbu. Tulikwenda. Si mahali pa fahari: barabara nyembamba, mteremko, makangaga marefu kuliko mtoto, na unyevunyevu ule wa Oregon unaoganda kwenye nywele. Lakini ukisimama pale unaelewa kwamba yule bwana hakuchagua duka wala stendi. Kopo la maharage, kwa taarifa yako, lilikuja kupatikana baadaye, na limekuwa likipelekwa kwenye mikusanyiko ya wachezaji kama kumbukumbu. Kuzika ndiko kulikokatazwa: kanuni za leo haziruhusu kuchimba ardhi ili kuficha bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi.

Pale kwenye bamba ndipo nilipomfundisha binti yangu kusoma zile namba. Ziko hivi: N 45° 17.460, W 122° 24.800, yaani nyuzi 45 na dakika 17.460 kaskazini, nyuzi 122 na dakika 24.800 magharibi. Dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya nyuzi, ukienda kaskazini au kusini ni kama mita 1,852, popote ulipo duniani. Kwa hiyo tarakimu ile ya mwisho kabisa, ikibadilika kwa moja, umesogea mita 1.85, kama urefu wa mtu mrefu aliyelala. Kwenda mashariki au magharibi mambo ni mengine, kwa sababu mistari ile hukaribiana kadiri unavyoelekea kwenye ncha ya dunia. Hapa Oregon tarakimu hiyohiyo ni mita 1.3 tu. Tanga, iliyo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, bado ni karibu mita 1.85.

"Kwa hiyo kwa bibi dunia ni pana zaidi?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu, kwa bibi dunia ni pana zaidi. Shuleni wamefundishwa latitudo na longitudo, kwenye karatasi. Pale alizipiga hatua kwa miguu yake. Na mazungumzo yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo nyumbani ananijibu nusu kwa Kiingereza. Msituni anahitaji maneno ambayo Kiingereza chake cha shule hakijampa, hivyo ananiuliza: hili gome, huu mzizi, hiki kisiki, hili pango, hiki kichuguu. Miaka miwili ya jiokashi imemwekea mdomoni maneno ambayo mimi nilidhani yataishia kwangu.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Kuna aina ya kasha ambayo wachezaji wa Marekani wanaijua sana. Kwenye maegesho ya maduka makubwa kuna nguzo za taa, na chini ya kila nguzo kuna kifuniko cha bati kinachoziba nati. Kifuniko hicho huinuka. Mtu anatumbukiza hapo kikopo cha filamu chenye kikaratasi, anatangaza, basi. Unaegesha, unainua bati, unaandika jina, unaondoka. Dakika 2.

Jioni moja niliinama kwenye nguzo kama hiyo, binti yangu akiwa ndani ya gari. Sijaweka kifuniko chini, mlinzi ameshafika. Nikamweleza. Hakuwahi kuusikia mchezo huu. Nikamwonyesha simu, ramani, jina la kasha, kikaratasi chenye majina ya watu waliotangulia. Akasema nisubiri. Gari la polisi lilikuja, nikaeleza upya, nikatoa kitambulisho, nikasimama mikono ikionekana, kwa dakika 20, chini ya taa, mbele ya mwanangu wa miaka tisa. Mwishowe askari alinirudishia kitambulisho na kunitakia jioni njema. Hakuna aliyenitukana. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani binti yangu hakusema neno, na tulipofika aliuliza kama tumefanya kosa.

Niliwasimulia wachezaji wenzangu, watu wema ambao nimekunywa nao chai na kupanda nao vilima. Ushauri wao ni ule wanaopeana siku zote: vaa kizibao cha kung'aa, shika ubao wa karatasi, utaonekana fundi na hakuna atakayekuuliza. Najua wameniambia kwa nia njema. Lakini mwanamke mweusi aliyeinama gizani kwenye nguzo ya duka haangaliwi kama wanavyoangaliwa wao, na kizibao hakitabadilisha hilo. Wachezaji weusi niliokutana nao wana simulizi zao, na karibu wote wameshajifunza kuchagua: msituni sawa, bustani ya umma sawa mchana, uzio wa mtu kamwe.

Wala si suala la rangi peke yake. Mwaka 2011 kwenye mji wa Wetherby, Uingereza, kikasha cha plastiki kilichofichwa katikati ya mji kilidhaniwa kuwa bomu. Watu waliondolewa na wataalamu wa jeshi wakakilipua. Mchezaji alikuwa mtu asiye na hatia, na kikasha hakikuwa na kitu cha hatari. Mahali ndipo palipokosewa.

Hapo ndipo ninapomshitaki mfichaji. Kanuni zinamtaka apate ruhusa ya mwenye ardhi, na aache mita 161 kati ya kasha lake na la mwenzake. Kuna wakaguzi wa kujitolea wanaopima hayo kabla kasha halijatangazwa. Ila hakuna mkaguzi anayemuuliza swali ambalo mimi naliona ndilo la kwanza: mtu akifika hapa, atakuwa amefika wapi? Kwa sababu hilo halihesabiwi, watu wamegeukia kinachohesabika. Barabara ya 375 ya jangwani Nevada ilipangwa makasha zaidi ya 1,000, moja baada ya jingine, kwa umbali uleule wa chini kabisa unaoruhusiwa. Vikundi hulala garini na kupokezana usukani ili wafikishe idadi. Wengine hawarudishi hata kikopo mahali pake. Wanachukua hiki, wanaweka kile walichokisaini garini wakiwa njiani, wanasonga. Nimewasikiliza wanavyolisimulia kwa furaha, na furaha yao siidharau, jangwa lile usiku lazima liwe zuri. Lakini mtu aliyepata makasha 1,000 kwa siku moja, nikimuuliza la 612 lilikuwa wapi, ataniambia nini?

Kule kwetu nguzo za taa zisingefaa hata kidogo. Kopo zuri lenye mfuniko wa kubana halikai barazani siku mbili, litakuwa limeshatiwa sukari au misumari, na aliyelichukua atakuwa ameokota kitu cha maana. Nimekuwa nikiifikiria Amboni, yale mapango ya chokaa kaskazini mwa mji wa Tanga. Upo mtindo wa jiokashi usio na kasha kabisa, ulioanza mwaka 2004. Namba zinakupeleka kwenye mwamba, maporomoko au pango, nawe unajibu maswali ambayo huwezi kuyajibu bila kusimama pale na kutazama. Kwa Amboni ningeuliza: tazama ukuta kwa urefu wa bega lako, jiwe limelainishwa na nini? Mfikishe mtoto wa Chumbageni au wa Portland, wote wawili watalazimika kulishika lile jiwe. Ruhusa lazima iombwe kwa wahusika wa mapango, na likizo ijayo nitaiomba.

Kwa sasa tumeficha letu moja. Tulitafuta mahali miezi mitatu. Tulitaka pawe pa wazi, mtu akiinama asitiliwe shaka. Pawe na njia ambayo hata mwenye magoti mabovu ataimudu. Na pawe na kitu cha kuona. Tulipapata kwenye bustani ya umma, pembeni ya kijito, penye jiwe kubwa bapa ambalo watu wawili wanaenea. Ofisi ya bustani ilikubali baada ya barua mbili. Kasha letu ni la plastiki nene, juu tumeandika kwa herufi kubwa ni kitu gani ili asishtuke yeyote. Ndani tumetia kauri 10 na daftari ambalo binti yangu alilifunika kwa kipande cha kanga ya bibi yake. Kwenye tangazo aliniomba tuongeze sentensi moja: ukilipata, kaa kwanza kwenye jiwe.

Lilitangazwa Ijumaa usiku. Jumamosi tuliamka na ujumbe tayari. Mtu alikuwa amefika pale saa 12 na dakika 10 alfajiri na tochi, wa kwanza. Wengi wanaokimbilia nafasi ya kwanza huandika herufi tatu za Kiingereza za kujitangaza wa kwanza na kuondoka. Huyu aliandika kwamba alizima tochi akakaa hadi kukapambazuka, na korongo mmoja akaja kuvua samaki umbali wa hatua kama 10 kutoka alipokaa.

Binti yangu alinisomesha ujumbe ule mara tatu.

"Mama," akasema, "amekaa kwenye jiwe letu."